Kutoka Makala hadi Chanzo: Kuwafundisha Wanafunzi Kutumia Kamusi Elezo za Mtandaoni kwa Busara

Mada kwa semina ya walimu wa sekondari, Buhongwa, Mwanza

Utangulizi



Mwanafunzi wetu akipewa kazi ya utafiti kuhusu mkoa wake, huazima simu ya mzazi au huenda stesheneri na kuomba atafutiwe "habari za Mwanza". Muda si mrefu karatasi zimechapwa, zimebanwa pini, na kazi imekwisha. Mara nyingi maandishi hayo yametoka Wikipedia, kamusi elezo ya mtandaoni. Wapo kati yetu wanaopiga marufuku matumizi yake, na wapo wanaofumba macho. Njia zote mbili zinamwacha mtoto bila ujuzi. Hoja yangu ni hii: kamusi elezo ni mlango wa kuingilia utafiti, na ni wajibu wetu kumfundisha mwanafunzi kutoka kwenye makala na kukifikia chanzo.

1. Kukijua chombo

Wikipedia ilianzishwa Januari 2001, na toleo la Kiswahili likafuata mwaka 2003. Waandishi wake hujitolea, na karibu mtu yeyote anaweza kuhariri. Kanuni yake kuu ni kwamba kila dai liweze kuthibitishwa kwa chanzo kilichokwisha kuchapishwa kwingine. Maana yake, yenyewe haidai kuwa chanzo cha mwisho.

Mwaka 2005 ulituonyesha sura zake mbili. Makala kuhusu mwandishi wa habari wa Marekani, John Seigenthaler, ilikaa miezi kadhaa ikimhusisha kwa uongo na mauaji ya Rais Kennedy. Mwaka huohuo jarida la Nature lililinganisha makala 42 za sayansi za Wikipedia na za kamusi elezo ya Britannica, likakuta wastani wa makosa yapata manne dhidi ya matatu kwa kila makala. Britannica ilipinga matokeo hayo. Kwa hiyo tusimfundishe mtoto kuiamini au kuikataa kamusi elezo nzima. Tumfundishe kuipima makala iliyo mbele yake.

2. Mfano wa nyumbani: idadi ya watu wa Mwanza

Sensa ya 2002 iliupa Mkoa wa Mwanza watu 2,942,148. Sensa ya 2012 ikatoa 2,772,509, na ya 2022 ikatoa 3,699,872. Mwanafunzi anayenakili tu ataandika kwamba kati ya 2002 na 2012 watu wa Mwanza walipungua kwa karibu 170,000, kisha atabuni sababu: maradhi, njaa, au watu kuhamia Dar es Salaam.

Hakuna lililo kweli kati ya hayo. Machi 2012 ulianzishwa Mkoa wa Geita, na eneo la Geita likatoka Mwanza. Sensa ya Agosti mwaka huo ilihesabu mkoa uliokwisha kumegwa. Takwimu zote tatu ni sahihi. Kosa ni kulinganisha mikoa miwili yenye jina moja. Hili halionekani kwa kusoma tarakimu peke yake. Linaonekana kwa anayeuliza: nani alihesabu, lini, na ndani ya mipaka ipi?

3. Hatua nne za darasani

Kwanza, tarehe. Mwanafunzi afungue historia ya makala aone ilihaririwa lini, na takwimu zake ni za mwaka gani. Makala nyingi za kata zetu zilijengwa juu ya sensa ya 2012. Hali kadhalika, maandishi ya kabla ya Juni 2025 yatamwambia kuwa kati ya Kigongo na Busisi watu huvuka kwa kivuko, ilhali sasa daraja lipo.

Pili, tanbihi. Achague madai matatu na kuyafuata hadi kwenye chanzo kilichotajwa. Kwa idadi ya watu, aishie kwenye ripoti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Dai lisilo na tanbihi aliwekee alama ya kuuliza.

Tatu, ulinganisho. Kuhusu meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996, zipo taarifa zinazotaja vifo zaidi ya 800 na nyingine zinazokaribia 1,000. Asichague namba inayompendeza. Aandike zote, ataje nani kasema nini, na aeleze kwa nini hesabu ilikuwa ngumu.

Nne, sauti za watu. Wikipedia haipokei utafiti mpya wala simulizi ambalo halijachapishwa. Hapo ndipo mwanafunzi wa Buhongwa anapoipita. Anaweza kufika makaburi ya Igoma walikozikwa baadhi ya waliokufa katika ajali hiyo, na kuwasikiliza kwa heshima wazee wanaoikumbuka, kwa ridhaa yao.

4. Mapendekezo

(a) Tubadili maswali yetu. "Eleza kuhusu Mwanza" ni swali linaloomba kunakiliwa. "Kwa nini sensa mbili zinaonyesha watu wamepungua?" linadai kufikiri.

(b) Tutoe alama kwa njia aliyopita mwanafunzi: alianzia wapi, alifuata tanbihi gani, alikuta nini.

(c) Penye intaneti ya shida, tupakue Wikipedia kwa programu ya Kiwix, inayosomeka kwenye kompyuta bila mtandao. Tukumbuke tu kwamba nakala hiyo haijisasishi.

(d) Wanafunzi wa madarasa ya juu, wakiongozwa na mwalimu, waongeze tanbihi na takwimu mpya kwenye makala fupi za Kiswahili zinazoitwa "mbegu".

Hitimisho

Mtoto aliyezoea kuuliza "nani kasema, na amejuaje?" ataubeba ujuzi huo hadi kwenye uzushi wa simu, ahadi za wanasiasa na matangazo ya dawa. Nawaomba tuanze muhula huu, kila mwalimu na somo lake, kwa kazi moja tu: mwanafunzi alete makala moja na vyanzo vitatu alivyovisoma mwenyewe.