Mdaiwa wa Mvua: Kwa Nini Masika ya Vuga Hayaanzi Machi 20



Mhadhara huu umetokana na hasira, nami sioni haya kusema hivyo mbele ya wazee. Katika kongamano moja, mwenzangu ninayemheshimu sana alipendekeza kwamba sisi wa Usambara tufufue "sikukuu ya asili" kila ifikapo Machi 20, siku ya ikwinoksi, ambapo mchana na usiku hulingana. Tuandae meza ya maua na mayai yaliyotiwa rangi, tuwashe mishumaa, tule vyakula vya msimu, tumwagie ardhi maji kidogo kwa shukrani. Akasema mababu zetu, kama mababu wa dunia nzima, waliiadhimisha siku hiyo, na kwamba wamisionari ndio walioifuta. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi mikono yangu ilibaki mapajani.

Tuanze na mbingu, maana ndiko hoja ilikoegemea. Vuga, makao ya wafalme wa Usambara, iko takriban nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Machi 20 jua huwa wima juu ya Ikweta. Kwetu hapa limeshapita utosini karibu siku kumi na mbili nyuma, likielekea kaskazini, na litapita tena mwanzoni mwa Oktoba likirudi. Simama uwanjani mwezi Februari, saa sita na nusu mchana, uone kivuli chako kikilala upande wa kaskazini. Rudi Machi 20 utakikuta kimegeukia kusini, urefu wake kama kiganja. Kama babu yetu yeyote aliwahi kuweka alama ya jua juu ya milima hii, basi siku iliyomshangaza ni ile ya kupotea kwa kivuli, nayo haikuwa hiyo ya kwenye kalenda za ukutani.

Na huo usawa wa mchana na usiku? London siku fupi kuliko zote ya kipupwe haina hata saa nane za mwanga, na ndefu kuliko zote ya kiangazi hupita saa kumi na sita. Aliyekaa gizani namna hiyo akiona mchana umeufikia usiku, ana haki ya kuwasha moto na kucheza ngoma. Vuga, tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote ni nusu saa na ushee. Hapa mchana na usiku hulingana, au hukaribia kulingana, mwaka mzima. Hakuna mkulima wa Kishambaa ambaye angepoteza mbuzi kwa kuadhimisha jambo analoliona kila jioni.

Nitawaomba mnivumilie kwenye mayai, kwa sababu hayo ndiyo yaliyonikera zaidi. Kuku hutaga kwa kufuata mwanga. Siku zikiwa fupi mno, mwili wake hupumzika, na zikianza kurefuka hurudi kutaga. Kwa hiyo huko Ulaya ya kaskazini, kabla ya taa za umeme mabandani, mayai yalikuwa habari ya majira ya kuchipua kwelikweli. Ongeza hapo Kwaresima ya zamani iliyokataza mayai, yakawa yanalundikana hadi Pasaka. Hiyo ni mantiki nzuri, ina mizizi yake. Lakini kuku wa Vuga hapungukiwi mwanga Desemba wala Juni. Anataga akishiba na akiwa salama dhidi ya kicheche. Yai la Machi hapa halina ujumbe wowote ambao yai la Agosti halina.

Sasa hao mababu wa dunia nzima. Mwenzangu aliitaja sikukuu hiyo kwa jina la Ostara, linalosemwa kuwa la mungu wa kike, akalitamka kwa heshima kubwa. Tulichonacho juu ya mungu huyo wa kike kutoka zama za kale ni maneno machache ya mtawa wa Kiingereza, Bede, katika kitabu chake cha mwaka 725 kuhusu hesabu ya nyakati. Anasema mwezi wa Pasaka uliitwa kwa jina la Eostre, aliyewahi kufanyiwa sherehe. Basi. Hataji yai wala sungura, na ikwinoksi haiungi na jina hilo. Baada ya hapo kimya cha miaka elfu moja na zaidi, hadi Jacob Grimm mwaka 1835 alipokisia kwamba Wajerumani nao walikuwa na mungu wao aitwaye Ostara. Mwaka 1874 msomi mwingine, Adolf Holtzmann, akadhani huenda sungura alikuwa mnyama wake. Kisha mwaka 1974, California, Aidan Kelly akalichukua jina hilo akalibandika kwenye ikwinoksi ya Machi ili kukamilisha majina ya mzunguko wa sikukuu nane za wapagani wa leo. Simdharau Kelly. Watu wana haki ya kutunga sikukuu, na sikukuu zote zilitungwa na mtu. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba kilichopewa jina California mwaka 1974 ndicho walichokipoteza babu zangu wa Vuga.

Kama mnataka ikwinoksi iliyofika kweli katika nchi hii, iko, nayo ilipita kando yetu kwenye pwani. Nairuzi, yaani Siku ya Mwaka ya Waswahili, ina asili ya Uajemi, ambako Nowruz ni sikukuu ya ikwinoksi ya Machi. Waajemi waliirekebisha kalenda yao mwaka 1079 ili siku hiyo isiiache ikwinoksi. Mabaharia wetu hawakuyapokea marekebisho hayo. Walibaki na mwaka wa siku 365, miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano za nyongeza, bila siku ya ziada kila mwaka wa nne. Matokeo yake Nairuzi hurudi nyuma siku moja kila baada ya miaka minne. Katikati ya karne ya 19 iliangukia mwishoni mwa Agosti. Leo watu wa Makunduchi, kisiwani Unguja, wanaoga mwaka, wanachapana kwa mabua ya migomba na kukichoma kibanda mwezi Julai. Wenye haja ya kuiona ikirudi Machi 20 wasubiri karibu miaka 500. Na angalieni: kalenda ile ilipoliacha jua, sikukuu haikufa. Watu wa Makunduchi hawakuwa wakiadhimisha pembe ya jua, walikuwa wakimaliza ugomvi wa mwaka uliopita.

Nampita haraka marehemu Profesa John Mbiti, kwa kuwa kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaijua hoja yake ya mwaka 1969, kwamba wakati wa Mwafrika huundwa na matukio, si tarakimu. Alizidisha mambo kwenye suala la wakati ujao, na ameshajibiwa vya kutosha. Juu ya kalenda ya matukio alikuwa karibu na ukweli kuliko mwenzangu wa mishumaa.

Nije kwenye kitabu ninachokipenda kuliko vyote vilivyoandikwa juu ya milima hii: Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi. Mtu wa pwani, mwenye sikio la ajabu, aliandika kwa Kiswahili kisicho na haraka. Sehemu zake zilianza kuchapishwa na wamisionari wa Magila mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1962 kikatolewa upya. Nimekisoma mara nyingi hadi nakala yangu imeachia jalada. Tazameni anavyomleta Mbegha, mwanzilishi wa ufalme wa Kilindi. Hamleti na jeshi wala hazina. Anamleta na mbwa, mkubwa wao akiitwa Chamfumu, na nyama ya nguruwe mwitu. Mtoto wa nchi ya Ngulu aliyenyimwa urithi kwa kuwa meno yake ya juu yalitangulia kuota, amekimbia, anaishi porini kwa kula nyama tupu. Wenyeji wanaona moshi mlimani. Wanakwenda kuuangalia. Wanamkuta, wanakula naye, naye anawapa nyama, nao wanamletea vyakula vya shambani. Hapo ndipo dola inapoanzia: mwindaji asiye na unga na wakulima wasio na nyama, na katikati yao nguruwe anayekula mashamba ya hao na kuliwa na huyu.

Msikimbilie kipande cha simba, ingawa ni kitamu. Najua kwamba njiani kuja Vuga alimuua simba, na kwamba wafalme wa Kilindi wakaitwa Simba Mwene. Kaeni kwenye nyama na unga. Abdallah anaturudisha hapo tena na tena, nami naamini alijua anachokifanya. Kila anapofika Mbegha, chakula hubadilishana mikono, na kila chakula kinachopokelewa huacha deni. Wenyeji hawampi ufalme kwa sababu ametabiri lolote juu ya mbingu. Wanampa kwa sababu nguruwe wamepungua na mashamba yanavunwa.

Mwanahistoria Steven Feierman, katika vitabu vyake vya 1974 na 1990, alionyesha deni hilo lilikokua. Wazee walimweleza juu ya kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mfalme mwenye nguvu zisizo na mpinzani huponya nchi, mvua inanyesha, watu wanampa kodi ya mifugo na vyakula. Wenye nguvu wakishindana, nchi inaharibika na mvua inakosekana. Mfalme mpya alipoingizwa Vuga usiku, kwa njia ya Bumbuli aliyopita Mbegha, watu hawakumsifu tu. Walimdai. Mvua na chakula vilitajwa mbele yake kama mali yao iliyo mikononi mwake.

Hapa ndipo ninaposimama, na mwenzangu wa mishumaa atanisamehe. Watu hawatambikii kisichoweza kukosekana. Jua halijawahi kukosa kupita juu ya Vuga mwezi Machi. Mvua imekosa mara nyingi. Tambiko lilikaa pale ambapo mambo yangeweza kuharibika na ambapo palikuwa na mtu wa kuulizwa. Msimu wa Vuga ulikuwa na mdaiwa, mwenye jina na nyumba, na njia ya kwenda kwake ilijulikana.

Najua pingamizi, na ni zito. Wanasayansi wa hali ya hewa watasema masika yenyewe ni mtoto wa jua: ukanda ambapo pepo za kaskazini na za kusini hukutana hulifuata jua kwa kuchelewa wiki kadhaa, kaskazi inalegea, kusi inashika kutoka baharini, nayo milima yetu inaisimamisha na kuikamua. Ni kweli tupu. Mfalme hakuwa na uwezo wa kuvuta wingu hata moja. Pia ni kweli kwamba deni hilo lilitumika kwa uonevu, na kwamba aliyepungukiwa na mvua aliweza kumsingizia jirani uchawi. Nimeyapima yote hayo kwa miaka, na bado nasema aliyewauliza wafalme mvua aliuliza swali la maana kuliko anayewasha mshumaa kwa jua.

Angalieni historia. Wajerumani walimnyonga mtawala wa Vuga, Mputa, mwaka 1895, wakamweka Kinyashi, mtu aliyeogopwa kwa mvua, huku wakimnyang'anya njia za kukusanya kodi. Mdaiwa akabaki na deni bila mfuko. Waingereza walipomrudisha Kinyashi madarakani mwaka 1926, walidhani wanarudisha tarishi wa serikali. Wakulima walidhani wamerudishiwa mtu wa kudai. Miaka ya 1950 ulipokuja mpango wa matuta, uliolazimisha akina mama kulima makinga ya kuzuia mmomonyoko kwenye miteremko yao, machifu wakausimamia, na wakulima wakaupinga kwa lugha ileile ya nchi inayoharibiwa na wenye nguvu. Mwaka 1963 uchifu ukafutwa kisheria. Sililii uchifu. Nauliza deni lilihamia wapi.

Nibaki kidogo kwenye chakula, kwa kuwa meza ya Machi 20 iliandaliwa na mtu asiyeingia jikoni. Plamu na pichi za Lushoto zinaanza Desemba. Kufikia siku hiyo muuzaji wa barabarani Soni anamalizia mapeasi. Mavuno ya vuli yamepungua, mahindi ya masika ndiyo kwanza yanafukiwa. Bibi yangu alikuwa na mahindi ya mbegu yaliyofungwa kwa maganda yake, yakining'inia juu ya meko, meusi kwa masizi ili fukusi asiyasogelee. Machi ndugu walipokuja na njaa aliwapikia muhogo na mnavu uliochipua na mvua za kwanza, wakala chini ya mahindi yale wakiyatazama. Hakuna aliyethubutu kuyataja. Hicho ndicho chakula cha msimu wa Machi hapa: majani, muhogo, na kujizuia. Karamu yetu ni mahindi mabichi ya kuchoma na maharage mabichi, miezi kadhaa baadaye, na haihitaji kualikwa na jua.

Kwa hiyo nina pendekezo, na nimeshalipeleka kwa maandishi kwa wahusika. Kila mwaka, kabla ya Machi, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa masika. Husomwa redioni, mtu anaambiwa wastani au chini ya wastani, kisha kimya. Utabiri huo usomwe pia hapa Vuga, mbele ya wazee na mabwana shamba, na aliyeusoma arudi mwishoni mwa Mei, kwenye uwanja uleule, kueleza kilichotokea na kwa nini. Hatuhitaji alete mvua. Tunahitaji ajibu maswali, na mkulima aliyepanda mbegu ya muda mrefu kwa kumwamini apate nafasi ya kusimama amuulize. Wa kwanza kuulizwa Mei asitoke Dar es Salaam. Atoke ofisi ya kilimo ya wilaya, ambayo husambaza mbegu wakati mvua imeshaanza. Muhogo na mnavu vya kikao hicho nitavigharamia mimi.