Anachofundishwa Mnasihi wa Vijana

Hotuba iliyotolewa na wanachama watatu wa Jumuiya katika sherehe ya Uhuru wa Tanzania, Houston, Texas

  

Kamati imetupa dakika kumi na tano kabla ya chakula, na harufu ya pilau imeshaingia ukumbini, kwa hiyo hatutazunguka.

Sisi tuliosimama hapa ni watatu. Mmoja amemaliza shahada ya uzamili ya unasihi na sasa anafanya kazi chini ya msimamizi. Wa pili yuko kwenye mafunzo kwa vitendo. Wa tatu ndiyo kwanza ameanza. Tukikutana nanyi kwenye harusi, misiba na vikao, mnatuuliza maswali mawili. La kwanza: hiyo shahada inafundisha kitu gani ambacho bibi yangu hakukijua? La pili: je, mnaweza kuongea na mwanangu? Leo tumekuja kuyajibu yote mawili.

Tuanze kwa kumpa bibi heshima yake. Kwetu kijana hakuachwa peke yake. Alikuwa na shangazi, mjomba, somo, kungwi. Alikuwa na babu na bibi wanaotaniana naye, ambao aliweza kuwaambia jambo asiloweza kulitamka mbele ya mama. Kazi ya unasihi haikuletwa kwetu na meli. Lakini hapa Houston bibi yuko kwenye simu. Mwezi huu wa Desemba, mtoto akitoka shule saa kumi jioni, Dar es Salaam ni saa saba usiku na bibi amelala. Na hata angekuwa macho, hajawahi kuiona shule ambayo mjukuu wake anaisoma. Pengo hilo ndilo linalomfanya mnasihi ahitajike, na ndilo linalofanya mafunzo yake yawe marefu.

Jambo la kwanza tunalofundishwa litawashangaza: tunafundishwa kutokushauri haraka. Kwa Kiswahili tunamwita mtu huyu mshauri, kwa hiyo mzazi anategemea mtoto atoke chumbani na ushauri mkononi, kama mtu anavyotoka duka la dawa na vidonge. Darasani ni kinyume. Tunakaa wawili wawili, mmoja anaeleza jambo lake, mwingine anasikiliza, na mazungumzo yanarekodiwa. Kisha tunayaandika neno kwa neno, na mwalimu anapita juu ya kila sentensi: hapa kwa nini uliuliza swali? Hapa alinyamaza, kwa nini ulikimbilia kuujaza ukimya? Hapa alisema ana hasira na baba yake, wewe ukaanza kumtetea baba. Sisi tuliokulia kwenye “jikaze” na “mtoto wa kiume halii” tunapata tabu sana na somo hili.

Msingi wa somo hilo uliwekwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, katika makala yake ya mwaka 1957. Yeye alishikilia kwamba mtu hubadilika akikutana na msikilizaji mwenye sifa fulani, na tatu zinatajwa mpaka leo: awe mkweli, asijifanye, amthamini mtu bila masharti, na aelewe mambo kwa jinsi yule mwenye nayo anavyoyaona. Kumthamini bila masharti si kukubali kila analotenda. Kijana anaweza kuwa amevuta bangi shuleni. Mnasihi hasemi ni sawa. Anachokataa ni kumfanya kijana aone kwamba thamani yake imeisha pale alipokosea, kwa sababu kijana akiona hivyo atafunga mdomo, na aliyefunga mdomo hasaidiki.

Jambo la pili ni hatua za ukuaji. Erik Erikson aliandika kwamba kazi kubwa ya ujana ni kujibu swali “mimi ni nani?” Mtoto wetu hapa anajibu swali hilo mara mbili kwa siku. Asubuhi anaingia shule ambako ni Mwafrika, au mgeni, au Mmarekani mweusi kama wengine. Jioni anarudi nyumba ambako ni Mhaya, Mpemba au Mchagga, na anatakiwa kuamkia. Mwanasaikolojia wa Kanada, John Berry, alieleza njia nne za mtu anayeishi kati ya tamaduni mbili: kushika zote mbili, kuacha ya nyumbani na kuchukua ya ugenini, kung'ang'ania ya nyumbani na kujitenga, au kupoteza zote mbili akabaki bila pa kusimama. Tunafundishwa kutambua kijana anaelekea wapi. Yule wa njia ya nne ndiye wa kutazamwa sana, na mara nyingi hagombani na mtu yeyote. Anakaa kimya chumbani, na wazazi wanamsifu kwa utulivu.

La tatu ni utamaduni. Hapa wanafunzi wenzetu Wamarekani wanafundishwa kwamba si kila mtoto anayeinamisha macho anaficha jambo au ana huzuni. Kwetu mtoto mwenye adabu hamkodolei mkubwa macho. Nasi tunafundishwa kutodhani kwamba, kwa kuwa tunazungumza Kiswahili, tumeshamwelewa kila Mswahili. Lugha yenyewe ina mitego. Mama akisema “mwanangu ana mawazo,” kila mtu humu ndani anaelewa kuwa mtoto ana mzigo moyoni. Mkalimani asiye makini ataandika kuwa mtoto anafikiri sana, na mnasihi atadhani mama anamsifia mwanawe. Wengine wetu hatusemi kabisa habari za moyo. Tunasema kichwa kinauma, mwili umechoka, usingizi hauji. Mnasihi aliyefundishwa vizuri anajua kuuliza zaidi.

La nne ni gumu, lakini tumekubaliana tulitaje leo. Tunafundishwa kumwuliza kijana kuhusu kujiua, kwa maneno yaliyo wazi, bila kuzunguka: je, umefikiria kujiua? Wazazi wengi wanaogopa kwamba kulitaja neno hilo ni kulialika ndani ya nyumba. Utafiti umeonyesha kuwa kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Mara nyingi anayeulizwa anashusha pumzi, kwa sababu hatimaye kuna mtu amethubutu. Baada ya hapo tunafundishwa kuuliza kama ana mpango na kama ana kitu cha kutumia, kupanga naye hatua za usalama, na kuhakikisha dawa na silaha zimefungiwa. Tangu Julai 2022 nchi hii ina namba fupi ya dharura, 988, ya kupiga au kutuma ujumbe, usiku na mchana. Mzazi pia anaweza kupiga akitaka kusaidiwa namna ya kumsaidia mwanawe. Tunaomba kila mmoja aiweke kwenye simu yake kabla sahani hazijagawiwa.

La tano ni sheria na usiri. Anachosema kijana kinabaki chumbani, isipokuwa kwa mambo machache ambayo mnasihi anamweleza tangu siku ya kwanza: akiwa hatarini kujidhuru, akitaka kumdhuru mtu mwingine, au kukiwa na shaka kwamba mtoto anadhulumiwa. Mahakama nayo inaweza kuamuru. Tunajua hofu iliyopo kwenye ukumbi huu, kwamba mnasihi ni mtu wa kupeleka habari serikalini ili watoto wachukuliwe. Tuseme wazi. Mnasihi ana wajibu wa kisheria wa kutoa taarifa mtoto akidhulumiwa, na hapa Texas wajibu huo si wa wataalamu tu, ni wa kila mtu, pamoja na wewe na jirani yako. Lakini mtoto kulalamika kwamba mama ni mkali, kwamba kanyang'anywa simu, kwamba analazimishwa madrasa au kwaya, hiyo si dhuluma, na hakuna anayempigia mtu simu kwa hilo. Mnasihi pia si afisa uhamiaji. Kazi yake si kuuliza makaratasi yako.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa vijana wanaotaka kujua njia. Kwanza unahitaji shahada ya kwanza. Shahada ya uzamili iliyoidhinishwa na CACREP, chombo kinachokagua programu za unasihi nchini, ina krediti 60 na huchukua miaka miwili mpaka mitatu. Ndani yake kuna saa 100 za mazoezi ya mwanzo, ambazo angalau 40 ni za kukaa na watu wenyewe, halafu saa 600 za mafunzo kwa vitendo, ambazo angalau 240 ni za kukaa na watu. Muda wote huo kuna msimamizi anayesikiliza kazi yako. Ukihitimu unafanya mtihani wa kitaifa, na hapa Texas unaendelea na saa 3,000 chini ya usimamizi kabla ya leseni kamili. Anayetaka kuwa mnasihi wa shule za umma Texas ana njia yake: shahada ya uzamili ya unasihi ya krediti zisizopungua 48, na mtihani. 

Tumelijibu swali la kwanza. La pili lilikuwa: mnaweza kuongea na mwanangu? Jibu letu ni hapana, na tunaomba msichukie.

Maadili ya kazi hii yanatukataza kuwa wanasihi wa watu ambao tayari tuna uhusiano nao. Sisi tumekula nyumbani kwenu. Tuko kwenye kundi moja la WhatsApp. Mwanao akitueleza siri yake Jumanne, Jumamosi atatuona kwenye harusi tukicheka na baba yake, na hata kama hatujasema neno, moyo wake utaanza kushuku. Katika jumuiya ndogo kama hii usiri unavunjika hata kwa kutazamana. Kwa hiyo ukituletea jambo tutakusikiliza, tutakusaidia kumpata mnasihi, tutakueleza fomu zake, na ukitaka tutakusindikiza mpaka mlangoni. Kuingia chumbani tutamwachia mwingine. Hatuwakimbii. Tunailinda siri ya mtoto wenu.

Tuna maombi matatu kwenu.

Ombi la kwanza. Shule ikikutumia fomu ya ridhaa ili mwanao aonane na mnasihi, usiitupe na usiitie saini bila kuisoma. Piga simu uulize: mtaongea nini, mara ngapi, na mimi nitaelezwa nini? Ni haki yako kuuliza. Na mtoto kuitwa na mnasihi si tangazo kwamba ana wazimu. Wengine wanaitwa kwa ajili ya kuchagua masomo au kutafuta ufadhili wa chuo.

Ombi la pili. Usimfanye mtoto kuwa mkalimani wako. Tunaelewa ilivyo rahisi. Yeye Kiingereza kimenyooka na yupo pale pale. Lakini mtoto anayetafsiri habari zake mwenyewe atapunguza au atapindisha, na anayetafsiri ugonjwa wa mama yake anabeba mzigo usio wa umri wake. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu haziruhusiwi kumtegemea mtoto kutafsiri, isipokuwa kwa dharura wakati hakuna njia nyingine. Sema, “Naomba mkalimani wa Kiswahili.” Hulipi.

Ombi la tatu ni kwa ajili ya wale waliosimama nyuma. Kijana wako akija kukwambia anataka kusomea unasihi, usimjibu kwamba huko ni kulipia ada ili ufundishwe kuongea, na kwamba bora uuguzi au kompyuta. Uuguzi umetulea wengi humu na tunauheshimu. Lakini jumuiya yetu inakua, na watoto waliozaliwa hapa watahitaji watu wanaojua kwamba “mawazo” si mawazo tu. Sisi watatu hatutoshi, hasa kwa kuwa, kama tulivyosema, wa kwetu wenyewe haturuhusiwi kuwahudumia. Tukiwa wengi na katika miji mingi, Houston itaweza kumtuma mtoto wake kwa Mswahili wa Dallas kwa njia ya video, na Dallas nayo itamtuma wake huku.

Ndugu zetu, leo tunakumbuka tarehe 9 Desemba 1961. Mwalimu Nyerere alituambia mapema kwamba uhuru una maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Maradhi ya moyo na akili yamo kwenye orodha hiyo, hata kama hatukuzoea kuyahesabu, na kutoyaelewa kunaangukia kwenye ujinga. Nyumba ambayo mtoto anaweza kusema “Baba, mimi siko sawa,” na baba akaweka simu chini akamsikiliza, hiyo nayo imepata sehemu ya uhuru wake. Kwa hilo hakuna anayehitaji shahada.