Mfarishi wa Viraka: Kipimo Kiwe Kimoja

(Mazungumzo kwa vikundi vya ushonaji, Magu)



Mfarishi wa viraka vya pembe sita hupendeza, na wengi hutaka kuanza na pambo gumu. Hapo ndipo vitambaa vilivyonunuliwa kwa fedha za wote hupotea. Kazi hii haianzi na sindano. Huanza na kipimo.

Mtu mmoja akate kigezo cha karatasi ngumu, kila upande sentimita 3, na karatasi zote zichorwe kwa kigezo hicho. Milimita 1 ikizidi katika kila kipande, mstari wa vipande 30 huzidi sentimita 3, na pembe hazikutani tena.

Kitambaa cha pamba kifuliwe kwanza, kisije kikarudi baadaye, kisha kikatwe kwa kuacha milimita 6 kuzunguka karatasi. Pindo likunjwe juu ya karatasi na kupigwa bandi. Vipande viunganishwe ukingo kwa ukingo kwa mishono midogo. Karatasi isitolewe mpaka kipande kizungukwe pande zote.

Ua la kwanza liwe la vipande 7: kimoja kati, 6 kando. Likilala bapa mezani, pambo gumu lifuate, likiinuka, lifumuliwe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma, walipochoshwa na mizani ya wanunuzi, waliweka wapimaji wao. Mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Ushirika huo ulianzia kwenye mizani. Kigezo nacho kitunzwe na katibu kama mizani ya chama.