Buibui wa Shimoni, Usimshike
Msikilizaji wa Karatu na Ngorongoro, yule buibui mkubwa mwenye manyoya, anayeishi shimoni, usimshike kwa mkono. Ulaya na Marekani wapo wanaofuga jamii yake kwenye sanduku la kioo. Hata wao hutumia koleo ndefu. Ana mbio mno. Ukifungua kifuniko tu, keshapanda mkononi. Akiuma, ni maumivu makali, uvimbe, pengine na misuli kukaza.

Watoto, msichokoe shimo lake kwa kijiti.

Akiingia ndani ya nyumba, mfunike kwa bakuli la plastiki. Pitisha karatasi ngumu chini yake, umpeleke mbali. Mkono usimguse.

Ameshauma? Osha kwa maji na sabuni. Weka kitambaa cha maji baridi. Usichanje, usifunge kamba. Jiwe la nyoka, liache. Nenda hospitali, iwe Karatu au Endulen.