Kichwa Kikiuma na Malaria Haipo: Tujiandae kwa Matibabu ya Uvimbe wa Ubongo
Maneno ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wakazi, Otonglo



Mimi si daktari. Kazi yangu ni mawasiliano. Lakini nimekaa kando ya kitanda cha mjomba wangu baada ya kufanyiwa upasuaji wa kichwa, na yale tuliyochelewa kuyajua ndiyo yaliyonileta mbele yenu.

Huku kwetu kando ya ziwa, mtu akiumwa na kichwa na kutapika, tunataja malaria kwanza. Mara nyingi tunasema kweli. Mjomba alimeza dawa za malaria mara tatu, hata baada ya kipimo kuonyesha hana. Kisha akaanguka kifafa akiwa shambani, na wengine wakasema amerogwa. Miezi ikapita. Tulipopiga picha ya kichwa ndipo tukaona uvimbe.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni hili: kipimo kikisema hakuna malaria, uliza, "Basi ni nini?" Rudi hospitali ukiona maumivu ya kichwa yanayozidi siku hadi siku, hasa asubuhi, yakiambatana na kutapika, macho kuona mawili au giza, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, maneno kupotea, au tabia ya mtu kubadilika ghafla. Mtu mzima akipata kifafa kwa mara ya kwanza apelekwe hospitali hata kama kimekwisha. Dalili hizi zina sababu nyingi, na si lazima ziwe uvimbe. Picha ya CT au MRI ndiyo itakayosema.

Si kila uvimbe wa ubongo ni saratani. Upo unaokua polepole na kuondolewa wote, na upo unaohitaji upasuaji, mionzi na dawa pamoja. Daktari hukata kipande kidogo kikapimwe maabara ili ajue ni wa aina gani. Kabla ya upasuaji, wengi hupewa dawa za steroidi kupunguza maji yanayovimbisha ubongo. Kichwa kinaweza kupoa siku chache tu, mtu akadhani amepona akatoroka. Msifanye hivyo, kwa sababu uvimbe bado upo. Wala dawa hizo, au za kifafa, zisikatizwe ghafla bila daktari.

Sasa tuzungumze kuhusu kulazwa.

Anza na SHA. Tangu Oktoba 2024 imechukua nafasi ya NHIF. Piga *147# ujisajili. Kwa asiye na mshahara, mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi, hulipwa wa mwaka mzima, yaani 3,600. Usingoje ugonjwa. Ukishapangiwa upasuaji, uliza katika dawati la SHA hospitalini kama kibali kimetoka na ni kiasi gani kitabaki juu yako. Harambee ikiitishwa, iitishwe kwa hesabu inayojulikana.

Uwe unakwenda Hospitali ya Jaramogi, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita Russia, au umetumwa Eldoret au Nairobi, beba kitambulisho, barua ya rufaa, picha zote za zamani, na orodha ya dawa unazotumia. Taja pia miti shamba. Baadhi ya dawa, hata za kawaida za maumivu, huzidisha kutoka damu. Usione haya, daktari hakugombezi, anakulinda.

Fungua misuko mapema, ondoa rangi ya kucha na mapambo. Kama una chuma mwilini, sema kabla ya MRI. Funga kula na kunywa kwa saa utakazoambiwa, bila kuiba hata chai. Weka kwenye mfuko leso, sabuni, ndala, kikombe na chaja. Uliza kama ndugu watahitajika kutoa damu, wajitokeze mapema.

Kabla ya kutia sahihi fomu ya upasuaji, uliza: Mnatoa uvimbe wote au sehemu? Ninaweza kupoteza nini? Baada ya hapo nini? Nenda na mtu wa pili asikilize, maana hofu huziba masikio. Chagueni mtu mmoja wa kuzungumza na madaktari, na mwingine wa kuangalia kibanda, ng'ombe na karo.

Mionzi ikihitajika, mara nyingi ni siku 5 kwa wiki, takriban wiki 6. Hospitali zenye mashine hizo, kama Kenyatta kule Nairobi, ni chache. Tafuteni mapema mahali pa kulala na nauli.

Mgonjwa akirudi nyumbani, asiendeshe pikipiki wala kuingia ziwani kuvua mpaka daktari amruhusu. Kifafa kikimkuta ndani ya mashua, hakuna wa kumwahi. Kikimshika nyumbani, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, usimkandamize, tazama saa. Kikipita dakika 5, mkimbize hospitali. Joto kali, jeraha kutoa maji au usingizi usio wa kawaida, mrudishe siku hiyohiyo.

Mjomba yu hai. Anatembea kwa mkongojo, na mkono wa kushoto haujarudi vizuri. Tulimuuliza daktari kama mambo yangekuwa tofauti tungalikuja mapema. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mmekuja, tuanze hapo."

Nawaomba ninyi mje mapema kuliko sisi. Kama kuna mtu nyumbani ambaye kichwa chake kimekataa dawa, kesho asubuhi mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu, na mwambieni mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu awafuatilie.