Theluthi ya Rafiki

 Leo nataka twende pamoja chini ya maji, mahali ambapo wengi wetu hatutafika kamwe, tukaone jinsi marafiki wanavyohesabu pumzi zao.

Huko Marekani, kaskazini mwa jimbo la Florida, nchi imekaa juu ya mawe ya chokaa. Mvua ikinyesha, maji huzama ardhini, huyala mawe hayo pole pole kwa miaka mingi mno, kisha hububujika tena kama chemchemi. Mtu aliyepata kusimama penye chemchemi za Mzima, kule Tsavo Magharibi, akatazama samaki wakipita majini kana kwamba wanaelea hewani, atafahamu jinsi maji ya namna hiyo yalivyo maangavu. Lakini nyingi za chemchemi za Florida zina mlango. Chini ya maji kuna tundu katika mwamba, na ndani ya tundu mna pango.

Mojawapo yaitwa Ginnie Springs, karibu na mto Santa Fe. Maji yake ni ya nyuzi 22 za Selsiasi mwaka mzima. Wapiga mbizi hushuka wamebeba mitungi ya hewa mgongoni, huingia mlangoni, na kujikuta katika ukumbi mpana wa mawe, na nyuma yao mwanga wa jua ukiingia kwa rangi ya buluu. Wanasema ni kama kuingia kanisani wakati hakuna mtu. Mwisho wa ukumbi huo umewekwa wavu wa vyuma, ili mtu yeyote asipite kwenda kule ndani zaidi kwenye giza.

Wavu ule haukuwekwa bure. Katika mapango mengi ya huko utakuta bango lenye picha ya mauti ameshika mundu, likionya kwamba zaidi ya watu 300 wamekufa katika mapango ya namna hii, na kwamba ndani hakuna kitu cha kumfanya mtu afe kwa ajili yake. Wengi wa waliokufa walikuwa vijana wenye nguvu, na wengine walikuwa waalimu wa kupiga mbizi baharini. Baharini ukipatwa na shida wapanda juu. Pangoni juu yako kuna mwamba. Tena sakafuni kuna udongo laini kama unga. Ukipiga mguu mara moja vibaya, maji yale maangavu yanageuka kama uji, hata mkono wako mwenyewe huuoni.

Alikuwako mwalimu mmoja wa hesabu huko Florida, jina lake Sheck Exley, ambaye alikuwa pia mpiga mbizi hodari sana wa mapangoni. Aliyachunguza maafa hayo moja moja, na mwaka 1979 akatoa kitabu kidogo cha mafundisho. Aliona kwamba sababu kubwa ni chache: watu waliingia bila uzi wa kuwarudisha mlangoni, au walishuka kina kupita kiasi, au walitumia hewa nyingi mno wakati wa kwenda wakasahau kurudi. (Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1994, huko Mexico, akijaribu kushuka kina kikubwa mno.)

Basi, hapa kwenye hewa ndipo nataka tukae kidogo.

Sheria yao ni kugawa mtungi mara tatu. Tuseme mtungi una kipimo cha 210. Sabini ni za kwenda. Sabini ni za kurudi. Sabini zilizobaki ni za nani? Vijana wengi hujibu, "Ni akiba yangu." La, sivyo. Fanyeni hesabu pamoja nami. Wawili wamefika mwisho wa safari yao, kila mmoja ametumia sabini. Papo hapo mtungi wa mmoja unaharibika, hana hewa kabisa. Mwenzake amebakiwa na 140. Yeye ahitaji sabini kufika mlangoni, na rafiki yake naye ahitaji sabini. Yatosha watu wawili, wala haizidi hata kidogo. Nao waalimu wa kazi hii huonya kwamba mtu mwenye hofu huvuta pumzi haraka kuliko kawaida, kwa hiyo theluthi hiyo ni kipimo cha chini tu.

Maana yake ni nini? Yule kijana alipokuwa bado ukingoni, juani, rafiki yake akiwa mzima na akicheka, alikuwa tayari amekwisha kumtengea theluthi ya mtungi. Hakungoja kuombwa.

Mnakumbuka sheria waliyopewa Waisraeli juu ya mavuno: mwenye shamba asivune mpaka pembeni kabisa, wala asirudi kuokota masuke yaliyoanguka, maana hayo ni ya maskini na ya mgeni. Ruthu Mmoabi na mkwewe walikula kwa sheria hiyo. Pembe za shamba hazikuwa mabaki. Zilihesabiwa kabla ya mundu kuingia. Lakini sisi, ndugu zangu, twapokea mshahara, twapanga kila shilingi mpaka pembeni kabisa, na mtoto wa marehemu ndugu yetu akija tarehe ishirini kuuliza karo, twamwambia kwa upole, "Ungalikuja mwisho wa mwezi." Hatumdanganyi. Hakika hakuna kitu. Tulipanga kusiwe na kitu.

Kuna jambo jingine. Wakiwa kundi, safari huhesabiwa kwa yule ambaye theluthi yake ya kwanza imekwisha kabla ya wengine. Huyo huinua dole gumba. Kwetu ishara hiyo ni "vizuri". Kwao chini ya maji ni "tutoke". Wote hugeuka mara moja. Hata asiyeishiwa hewa, akiwa ameingiwa na hofu tu, aweza kuinua dole gumba, wala hakuna wa kumwuliza kwa nini, wala wa kumcheka baadaye. Mimi nadhani wazee wa kanisa tungejifunza kwao, maana kwetu mtu akisema "nimechoka, siwezi kuendelea," kwanza twaunda kamati.

Na rafiki akiishiwa hewa, wengi wao hawampi kifaa cha akiba. Humpa kile kilichomo kinywani mwao wenyewe, kwa kuwa hicho wanajua chafanya kazi, chenye mpira mrefu wa kama mita mbili ili waweze kufuatana mahali pembamba. Kisha wao huchukua cha akiba kilichoning'inia chini ya kidevu. Zoezi hilo hulifanya mara nyingi kwenye maji ya mwanga kabla ya kuingia pangoni.

Mara nyingi hakuna linalotokea. Hutoka salama wakifuata uzi, mkondo wa chemchemi ukiwasukuma kwenda mlangoni, na theluthi ile hurudi juu haijaguswa. Huvua mitungi, huipeleka kujazwa, na kesho yake huigawa tena mara tatu.