Saksafoni ya Haskovo: Yuri Yunakov na Muziki wa Harusi wa Bulgaria



Jioni hii nitazungumzia muziki na mamlaka kwa kumfuata mtu mmoja. Yuri Yunakov alizaliwa mwaka 1958 mjini Haskovo, kusini mwa Bulgaria, katika familia ya Waroma Waislamu wasemao Kituruki. Waroma ninaowataja si wenyeji wa jiji la Roma. Asili yao ni India ya kaskazini, na wako Balkani tangu karne nyingi. Huko, upigaji muziki ni kazi ya ukoo kama uhunzi: mtoto huikuta nyumbani.

Baba yake alipiga klarineti. Kijana mwenyewe alipitia kwanza ulingoni, akawa mwanamasumbwi, kabla ya kurudi kwenye klarineti na hatimaye kutulia kwenye saksafoni ya alto. Mpiga akodiani Ivan Milev akamwingiza katika nyimbo za Kibulgaria, ambazo hakukua nazo.

Hebu tukitazame chombo chenyewe. Saksafoni ilibuniwa na Mbelgiji, Adolphe Sax, aliyepata hataza yake Paris mwaka 1846. Huko Balkani haikuwa na kwao. Baadaye zurna, ndugu wa nzumari ya pwani yetu, ilipigwa marufuku na watawala wa kikomunisti wa Bulgaria kwa sababu iliwakumbusha Uturuki. Saksafoni haikuwa na kabila, kwa hiyo wakaiacha. Sauti ya Kiroma na Kituruki ikapita humo.

Lakini mpigaji hakuachwa. Serikali ilitaka taifa lenye damu moja, ikawalazimisha Waislamu, Waroma kwa Waturuki, kuvua majina yao na kuvaa ya Kibulgaria. Msako mkali dhidi ya Waturuki ulikuja katika majira ya baridi ya 1984 na 1985, na mwaka 1989 watu zaidi ya 300,000 walifungasha wakaenda Uturuki. Jina tunalomjulia msanii huyu nalo ni la Kibulgaria. *Yunak* ni shujaa.

Miaka hiyohiyo ya 1980 Yunakov alijiunga na Trakiya, bendi ya mpiga klarineti Ivo Papasov, naye Mroma wa Kituruki. Bendi hiyo ilitafutwa kuliko nyingine zote kwa harusi, na harusi za huko zilichukua siku tatu. Wapo waliopanga tarehe ya ndoa kwa kuangalia kwanza kama Trakiya ina nafasi.

Sikilizeni walichokipiga. Ngoma ya *ruchenitsa* ina mapigo saba: moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu. Ipigeni kwa viganja, kisha iongezeni kasi mpaka viganja vishindwe. Hapo ndipo Papasov na Yunakov walipoanzia. Klarineti na saksafoni hukimbia pamoja kama pumzi ya mtu mmoja, halafu moja huchomoka na kubuni papo hapo, nyingine ikiingojea. Usiku ukikolea, wageni huagiza *kuchek*, ngoma ya Kiroma iliyokatazwa na serikali enzi hizo, na wapigaji hutuzwa noti mpaka kwenye paji la uso. Mashabiki wa taarabu hamhitaji kuelezwa utamu wake.

Kwa kupiga ngoma hiyo walitozwa faini na kutiwa ndani. Serikali pia iliandaa mashindano ya bendi za harusi huko Stambolovo, ikitaka zipige ya Kibulgaria tu. Watu walijaa, lakini waliporudi makwao waliendelea kuagiza *kuchek*.

Mwaka 1989 kampuni ya Hannibal, ya Mmarekani Joe Boyd, ilitoa albamu ya bendi ya Papasov, *Orpheus Ascending*, na dunia ikawasikia. Mwaka 1994 Yunakov alihamia New York. Alianzisha kundi lake na kurekodi *Balada* mwaka 1999 na *Roma Variations* mwaka 2001. Hata hivyo harusi hakuziacha, kwani Bronx ina Waroma wengi waliotoka Makedonia. Mwaka 2011 Marekani ilimpa tuzo yake ya juu kabisa kwa wasanii wa jadi.

Hukumu yangu ni hii. Serikali ya Bulgaria ilikuwa na vikundi vyake vya ngoma, mavazi yake na redio yake. Muziki ambao Wabulgaria wenyewe waliulipia kutoka mifukoni mwao ulipigwa na watu walionyang'anywa majina.

Kwa hiyo nawaomba watafiti vijana: mkitafuta muziki wa taifa lolote, msianzie kwenye kumbi za wizara. Anzieni harusini, muone nani anatuzwa. Kisha, kabla ya kunakili jina lililo kwenye jalada, mwulizeni mpigaji ni jina gani alilopewa na wazazi wake.